Fataki Isiyoacha Chumvi

Jumatatu, 6 Septemba 1926

Namshukuru Mungu, na baada yake Daktari Hirneis. Kuanzia leo sikai tena kwenye meza ndefu ya kupakia maganda ya risasi pamoja na wanawake arobaini. Nimepewa kazi ya Mzee Dötsch aliyestaafu: kutunza visahani vya chuma kwenye maabara ya Daktari. Hata daftari hili amenipa yeye. Mpiga chapa aliipiga mistari yake kombo, kwa hiyo halifai kuandikiwa vipimo. "Andika chochote utakacho, Bi Zitzmann," aliniambia. "Mtu anayeandika kila siku huanza kuona." Basi naandika.

Niieleze kazi yenyewe, ili nikizeeka nisije nikaisahau. Fataki ni kile kikombe kidogo cha shaba kilichopachikwa kwenye kitako cha risasi. Kikigongwa kinatoa mwali, na mwali unawasha baruti. Fataki tulizozoea tangu enzi za babu zetu huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu kama ya jikoni siku ya mvua, na chuma kinashika kutu. Ndiyo maana kila mwindaji hapa Weidelsbach huosha bunduki yake kwa maji yanayochemka siku ileile aliyopiga. Akilala bila kuosha, asubuhi anakuta wekundu mle ndani. Daktari anatafuta fataki isiyoacha chumvi. Huu ni mwaka wa nne anatafuta.

Mama amepika matonge ya viazi na mchuzi wa nyama kusherehekea. Tumekula wawili tu, kama kawaida, lakini alitandika kitambaa cha sikukuu.

Jumanne, 7 Septemba

Kila neema na mwiba wake. Mwiba wangu unaitwa Leonhard Bieswanger, msimamizi wa vibanda vya kuchanganyia. Alinisimamisha mlangoni kabla sijaweka mguu ndani.

"Hiyo ni pini ya nywele au mkuki?"

"Ni pini moja tu, Bwana Bieswanger."

"Moja inatosha kukupeleka kwa babu zako bila tiketi. Toa. Na hivyo viatu vina misumari, vua. Utavaa vya sufu kama wenzako. Na sakafu, kabla hujapita, unaipiga deki. Kila mara."

"Nimeshapiga deki."

"Mimi naona pakavu. Piga tena."

Nilipiga tena huku nikiumeza ulimi wangu.

Ijumaa, 10 Septemba

Ukungu kutoka mtoni. Nimeng'arisha visahani thelathini.

Jumatatu, 13 Septemba

Mzee Dötsch amekuja kunifunza kwa mara ya mwisho. Visahani ni vidogo, kama sarafu kubwa. Unavisugua kwa chaki na spiriti mpaka uone uso wako. "Mwisho kabisa," alisema, "pitisha kidole gumba. Macho yanadanganya, ngozi haidanganyi." Akapitisha chake, kikavu kama gome la mti, nami nikapitisha changu. Baada ya hapo kisahani kinapigwa na fataki tupu, bila baruti wala risasi, ili mwali wake ukiguse. Kinaingia kabati la ukungu, ambamo tumetundika matambara mabichi, na kukaa humo siku sita. Kilichopigwa na fataki ya zamani huwa chekundu kama tofali siku ya pili tu.

Mchanganyiko wa Nne wa Daktari, yaani dawa ya nne aliyoijaribu ndani ya fataki, ulitoka mweupe kabisa mwezi wa nane mikononi mwa Mzee Dötsch. Visahani kumi na viwili, bila doa hata moja. Sasa lazima turudie kwa mamia ndipo wakubwa wa kiwanda waamini. Wamempa Daktari mpaka mwisho wa Novemba. Baada ya hapo maabara inafungwa na chumba kinakuwa ghala.

Mzee Dötsch alipoaga nilimpa chupa ya mvinyo wa plamu wa mama. Alibusu chupa kwanza, kisha akanishika mkono mimi.

Jumatano, 22 Septemba

Visahani vya kwanza nilivyovitunza mwenyewe vimetoka kabatini. Vina madoa.

Si vyekundu kama vya fataki ya zamani. Ni madoa madogo ya kahawia, upande mmoja. Daktari aliviweka mstari kwenye dirisha akavitazama kimoja kimoja. Yeye ni mrefu na mwembamba, na akihuzunika mabega yake huja mbele mpaka unadhani anataka kujikunja aingie mfukoni mwake mwenyewe.

"Mchanganyiko wa Nne si safi," alisema mwisho. "Mwezi wa nane tulibahatika na ukavu wa kiangazi. Tuendelee na wa Tano."

Alhamisi, 23 Septemba

Mvua. Bieswanger amenirudisha mara tatu kupiga deki.

Jumapili, 26 Septemba

Sikukuu ya kanisa letu. Bata bukini wa kuoka, bia, na bendi ya wazima moto inayopiga kombo kuliko mistari ya daftari hili. Bieswanger alikuwa meza ya pembeni na mkewe. Hakucheza dansi, hakucheka. Binti mmoja wa kiwandani aliwasha sigara karibu naye, naye akainuka akahamia meza nyingine, siku ya sikukuu, nje, chini ya mbingu ya Mungu! Mama alisema, "Mtu huyo ana hofu kama mbuzi aliyeona chui." Mimi nilisema ana roho mbaya. Nilikuwa nimekunywa bia mbili.

Jumatatu, 4 Oktoba

Mchanganyiko wa Tano: madoa.

Jumanne, 12 Oktoba

Wa Sita: madoa. Tena upande uleule mmoja.

Nimeanza kumwonea Daktari huruma. Haendi nyumbani kula mchana. Leo nilimwekea mkate mweusi na jibini mezani, akaula akiwa amesimama bila kujua anakula nini, kisha akaniuliza, "Nilikuwa na mkate?" Nikamwambia alikuwa nao na ameshaumaliza. Akacheka kidogo. Namshukuru Mungu hata kwa kicheko hicho.

Kila mchanganyiko mpya una hatari zake. Hatujui tabia yake mpaka uwe umeshatuonyesha. Bieswanger anaupima kwa kijiko cha pembe, kiasi cha ukucha, nyuma ya ubao mnene, peke yake. Hataki mtu mwingine akaribie. Mimi nadhani ni majivuno.

Jumatano, 20 Oktoba

Naandika usiku, na haya yote ni ya leo.

Jana ukungu uliondoka. Upepo wa mashariki ulivuma usiku kucha, na asubuhi hewa ilikuwa baridi na kavu hadi nywele zangu zilikuwa zikitatarika nikizichana. Bieswanger alikuwa mkali kupita siku zote. Aliagiza matambara mabichi kila mahali, ndoo za maji mlangoni, deki kila robo saa. Daktari mwenyewe alimwambia, "Bwana Bieswanger, tukipiga deki zaidi tutafuga samaki humu." Bieswanger hakucheka. Alisema, "Siku kama hii, Daktari, mimi ningefunga kazi."

Daktari alitazama kalenda ukutani. Sote tulijua anahesabu nini. "Sinia moja tu," alisema. "Mchanganyiko wa Saba. Halafu tufunge."

Sinia lilikuwa na fataki sitini, zimekaa kila moja kwenye tundu lake. Kazi yangu ilikuwa kulitoa kibandani kulipeleka chumba cha kupigia, hatua ishirini uani. Nilikuwa na mafua tangu Jumapili na nilikuwa sijala kitu. Nilitoka mlangoni, nikashuka ngazi moja, Bieswanger akatokea mbele yangu.

"Simama. Mikono yako inatetemeka."

"Ni baridi tu, Bwana Bieswanger."

"Sikuuliza ni nini. Nipe."

"Ni kazi yangu. Naweza."

"Binti, nipe sinia, halafu urudi nyuma ya ubao usimame pale mpaka nikwambie."

Nilimpa. Nakiri hapa kwamba nilimpa kwa hasira, na nilipokuwa nikirudi nyuma ya ubao nilikuwa nikitafuta neno la kumwita moyoni. Sijalipata mpaka sasa. Nilisikia mlio mmoja mkali, kama mlango wa chuma uliofungwa na jitu, na kipande cha bati kikagonga ubao usawa wa kichwa changu.

Uani, Bieswanger alikuwa amekaa chini. Alikuwa amekaa tu, kama mtu aliyechoka njiani. Mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi na mwekundu. Damu ilimtoka sikio la kushoto. Nilimkimbilia na ndoo na tambara bichi, nikamfunga mkono, na yeye akanitazama usoni, akauliza kwa sauti kubwa mno:

"Wewe mzima?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Hapo ndipo nikaelewa kwamba hasikii hata sauti yake mwenyewe.

Wamempeleka hospitali mjini. Hakuna anayejua kwa nini sinia lililipuka. Daktari anasema ni ukavu wa hewa, ambao huzaa cheche. Yeye mwenyewe amekaa ngazini mpaka giza likaingia, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Alhamisi, 21 Oktoba

Kazi imesimama. Bieswanger ataishi. Vidole viwili vimekatwa nchani. Asante, Mungu wangu, asante.

Ijumaa, 22 Oktoba

Nimeenda maabara ingawa hakuna kazi, kwa sababu nyumbani nilikuwa natembea duara kama punda wa kinu. Nilichukua visahani vya mchanganyiko wa Tano na wa Sita, nikavipanga dirishani, jua likaviangukia. Nilitaka kuona madoa yaliyotufikisha kwenye mchanganyiko wa Saba. Nilichukua na kioo cha kukuzia cha Daktari.

Doa la kwanza lilikuwa na mistari, mistari myembamba iliyojipinda, mmoja ndani ya mwingine, kama shamba la mteremkoni lililolimwa kwa uangalifu. Doa la pili lilikuwa na mistari. La tatu lilikuwa na mistari, na katikati yake kovu dogo la kukingama.

Niliweka kioo chini, nikageuza kidole gumba changu cha kulia. Kovu hilo nililipata kwenye mkasi wa mama nilipokuwa na miaka tisa.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumamosi, 23 Oktoba

Nimemuuliza mama, kama mzaha, kwa nini sindano zake hazipati kutu na zangu zinapata. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Kwa sababu mikono yako ina chumvi, mwanangu. Tangu mdogo. Ulimharibia bibi yako seti nzima ya sindano za kufumia. Ndiyo maana sikukufundisha kazi yangu. Ulidhani ni nini?"

Nilidhani ni kwa sababu sina akili ya kushona. Miaka ishirini nimedhani hivyo.

Nilisugua visu viwili vya jikoni mpaka vikang'aa. Kimoja nilipitisha kidole gumba mimi, kingine mama. Nimeviweka chini kwenye chumba cha viazi, juu ya gunia bichi. Mama hakuuliza. Ananijua.

Jumapili, 24 Oktoba

Kisu cha mama ni cheupe. Changu kina doa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu ki mkononi. Mchanganyiko wa Nne ulikuwa safi tangu mwanzo, na Daktari alikuwa ameshafika. Mimi nilimrudisha njiani, akatengeneza wa Tano, wa Sita, wa Saba, yote bure, na wa Saba ndio uliomlipukia Bieswanger mikononi, kwenye sinia lililokuwa langu kulibeba.

Kanisani padri alihubiri juu ya shukrani. Sikusikia neno.

Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nitavaa glavu za pamba kuanzia kesho, nitasema ni kwa ajili ya mafua, visahani vitatoka vyeupe, na Daktari atadhani amebahatika. Nikisema, narudi kwenye meza ndefu, au nje kabisa getini, na cherehani ya mama peke yake haitulishi sote wawili.

Nilimwambia mama yote. Aliendelea kumenya viazi mpaka nikamaliza.

"Glavu utazivaa," alisema. "Lakini huyo Daktari atalala vipi? Si anadhani mchanganyiko wake ndio mbaya na yeye ndiye aliyemlemaza mwenzake?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimejifikiria mimi tu.

Jumatatu, 25 Oktoba

Nimesema.

Niliweka visahani, kioo, na visu viwili mbele ya Daktari, nikamwambia, "Tazama, kisha tazama kidole changu." Alitazama. Alitazama tena. Aliondoa miwani, akaipangusa, akatazama mara ya tatu. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa maneno yoyote. Alichofanya, alikaa chini akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na alikuwa analia pia.

"Kisahani kitupu," alisema. "Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweka kabatini kisahani kimoja kitupu, kisichopigwa na kitu chochote, ili aone kama kitapata kutu chenyewe. Mwezi wa nane tulikuwa nacho. Septemba nilikitoa kwa sababu rafu ilijaa. Mimi, Bi Zitzmann. Mimi ndiye niliyekitoa."

"Lakini kidole ni changu, Daktari."

"Kidole ni chako. Upumbavu ni wangu. Tugawane."

Halafu akasimama, mabega yamerudi mahali pake, akaniamuru nilete kibano, glavu, na visahani mia mbili. Sikufukuzwa. Nimekaa hapa jikoni naandika neno hilo tena nilione: sikufukuzwa.

Jumanne, 26 Oktoba

Daktari aliniambia si lazima niende hospitali, ataenda yeye kumweleza Bieswanger. Nilimshukuru, nikapanda treni ya saa nane mchana.

Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa mkubwa kama mkate wa Pasaka. Niliketi upande wa kushoto, nikaanza kusema. Nilisema yote, kwa haraka, macho chini, kuhusu kidole, visahani, mchanganyiko wa Nne. Nilipomaliza niliinua macho. Alikuwa ananitazama kwa subira.

"Hilo sikio limekufa," alisema. "Zunguka huku uanze upya."

Nilizunguka nikaanza upya. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa maana unajua kila neno linalokuja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mikono ya kutu," alisema. "Ndugu yangu alikuwa nayo. Alianza kazi kwa fundi saa akiwa kijana, akafukuzwa baada ya mwezi mmoja. Akawa mwoka mikate. Chumvi yake huko hawaioni." Akaurekebisha mto wake kwa mkono wa kushoto. "Kwa hiyo wa Nne ni mzuri?"

"Daktari anaamini hivyo. Bwana Bieswanger, kusingekuwa na mchanganyiko wa Saba kama si..."

"Sikiliza. Mimi sikuchukua sinia kwa sababu ya mchanganyiko wa Saba. Nilichukua kwa sababu ulikuwa unatetemeka. Hata ungekuwa wa Nne, ningechukua. Hata ungekuwa unga wa maandazi, siku kavu kama ile, ningechukua."

Nililia. Aliniacha nilie, akaangalia dirishani. Halafu, bila kugeuka, akaniambia jambo ambalo kiwandani hakuna aliyewahi kuniambia. Mwaka wa kumi na saba, wakati wa vita, alikuwa msimamizi wa chumba cha kujazia katika kiwanda kingine, upande wa kaskazini. Siku moja kavu wakubwa walitaka hesabu itimie, naye akakubali, sakafu ikabaki bila deki. Wanawake kumi na mmoja. Alinitajia majina yao yote, mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayesali. Wa mwisho alikuwa na umri wangu.

"Sasa unajua kwa nini naiona sakafu kavu hata ikiwa bichi," alisema.

Nilimwambia kwamba nilimwita mwenye roho mbaya, siku ya sikukuu ya kanisa.

"Nilisikia," alisema. "Wakati huo masikio yalikuwa mawili."

Jumatatu, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Mama na mimi tumewasha mshumaa kwa baba, na kumi na mmoja kwa wengine. Mama aliuliza ni kina nani, nikamwambia.

Jumatatu, 8 Novemba

Mchanganyiko wa Nne, visahani mia mbili, siku sita kabatini, na ukungu wa kweli nje kana kwamba mbingu nayo imeamua kutusaidia. Tulivitoa pamoja, Daktari na mimi, kimoja kimoja, kwa kibano. Cheupe. Cheupe. Cheupe. Kwenye cha hamsini nilianza kuhesabu kwa kunong'ona, na kwenye cha mia Daktari naye akanong'ona. Mia mbili. Vya fataki ya zamani, kwenye rafu ya chini, vilikuwa vyekundu kama paa la nyumba. Kisahani kitupu kilikuwa cheupe.

Daktari alifungua dirisha akapiga kelele moja uani, kelele tu, bila neno. Wanawake wa meza ndefu wakatoka nje wakidhani kuna moto.

Alhamisi, 11 Novemba

Wakubwa wanasema visahani si bunduki. Wanataka jaribio la kweli, msituni, mikononi mwa mwindaji, na wameongeza muda mpaka Krismasi. Daktari alimwita Mzee Kraußold, mlinzi wa msitu, akampa bunduki mbili mpya zinazofanana. Hii apige kwa fataki ya zamani, hii kwa yetu. Wiki tano, mvua na ukungu, na asioshe hata mara moja.

"Asioshe?" Mzee Kraußold alishika ndevu zake. "Daktari, ningekuwa na mtoto mchanga ungeniomba nisimwogeshe?"

"Wiki tano tu, Mzee."

"Baba yangu angenipiga viboko."

"Baba yako alikuwa na fataki ya zamani."

Alizichukua kama mtu aliyepewa watoto wa jirani, wote wachafu.

Jumatano, 24 Novemba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka. Bieswanger amerudi. Jambo la kwanza alilofanya ni kutazama sakafu. Nilikuwa nimeshapiga deki mara mbili bila kuambiwa. Akatikisa kichwa kwamba sawa, akapita. Sijawahi kupewa sifa kubwa kama hiyo.

Ijumaa, 3 Desemba

Mvua. Mvua. Namfikiria Mzee Kraußold na zile bunduki.

Jumatano, 15 Desemba

Alikuja saa nne asubuhi, wakubwa watatu wakiwa tayari maabarani na makoti yao ya manyoya. Alitangulia kutoa bunduki ya fataki ya zamani. Hakuna aliyehitaji kuchungulia sana: ndani yake palikuwa kama bomba la jiko kuukuu, kutu ikamwagika mezani alipoigongagonga. Mzee mwenyewe aligeuza uso. "Samahani, mwanangu," aliiambia bunduki.

Kisha ya pili. Aliifungua, akaielekeza dirishani, akachungulia. Akashusha. Akatoa leso akapangusa jicho, akachungulia tena.

"Nani ameiosha?" aliuliza kwa ukali. "Nimeifungia kabatini na ufunguo ninao mimi!"

Mkubwa wa kwanza aliichukua, kisha wa pili, kisha wa tatu, na kila mmoja alikaa nayo muda mrefu kuliko aliyemtangulia. Nami nilipewa. Ni duara la mwanga, na mistari ya mtutu inazunguka kuelekea dirishani, safi, inang'aa kama maji ya chemchemi. Nilimpa Bieswanger. Alichungulia, akaniinamia, akasema kwa ile sauti yake kubwa ambayo sasa hawezi kuipunguza, "Hata doa moja la kidole hakuna!" Wakubwa hawakuelewa tulichokuwa tunacheka.

Maabara haifungwi. Daktari alimpa Mzee Kraußold kasha zima la risasi zenye fataki yetu, atumie kwenye bunduki yake mwenyewe wakati wa sikukuu.

Jumatatu, 20 Desemba

Leo mchana bawabu alikuja kuniita. Kuna mama getini anataka kumwona "yule wa fataki". Daktari alikuwa ameenda mjini, Bieswanger hakusikia, basi nikaenda mimi.

Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, kikapu mkononi, theluji kwenye skafu. Alijitaja kuwa ni Philippine Kraußold, mke wa mlinzi wa msitu. Ndani ya kikapu kulikuwa na samaki wawili wa bwawani waliokaangwa, mkate wa tangawizi, na chupa.

"Vya kwenu nyote," alisema. "Wewe ni mmoja wao?"

"Mimi natunza visahani, mama. Aliyebuni ni Daktari."

"Basi mwambie na yeye. Sikia, binti yangu. Mume wangu huenda kuvizia nguruwe kabla ya alfajiri na kurudi kunapopambazuka. Nimeolewa miaka ishirini na sita. Miaka yote ishirini na sita, kila siku ya kuwinda, mimi nimeamka saa tisa kuwasha jiko, ili akirudi akute maji yanachemka. Si ya chai. Ya bunduki. Bunduki kwanza, chai baadaye. Nimewahi kuamka na homa. Nimewahi kuamka na mimba ya miezi tisa."

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Nimekuja kukwambia habari njema." Alinisogelea, uso wake umeiva kwa baridi na kwa kitu kingine. "Juzi Jumamosi alikwenda na risasi zenu. Mimi nimelala mpaka saa tatu. Jua liko dirishani! Na yule mzee, aliporudi akakuta jiko la baridi na mimi sisogei, alidhani nimekufa. Nilipofumbua jicho alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kofia mkononi, analia. Nikamuuliza, 'Wunibald, chai iko wapi?'"